Pima Mbili za Maji: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Fasihi ya Marekani

Katika toleo lililopita niliandika kwa kifupi kuhusu vitabu vya Marekani vya karne ya 19, nikidhani kuwa jambo hilo lingepita kimya kimya. Badala yake zimekuja barua nyingi kuliko nilivyozoea, na baadhi yake zina hasira. Nimechagua nne. Nimezipunguza urefu, lakini maneno ni ya wenyewe.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Morogoro, na Kiingereza nakitumia kila siku kazini. Baada ya kusoma safu yako nilikitafuta kitabu cha Mark Twain kiitwacho Adventures of Huckleberry Finn, nikakipata, na sasa nimekwama. Maneno yameandikwa ovyo, sarufi imevurugika, na yule mtumwa aitwaye Jim akizungumza siambulii hata nusu. Je, ni mimi nisiyejua Kiingereza, au ni mwandishi?

JIBU: Marahaba. Kiingereza chako hakina kasoro, wala Twain hakukosea. Alichofanya ni kumwachia Huck, kijana wa miaka 13 au 14, mtoto wa mlevi wa kijiji, ambaye shule aliipitia juu juu tu, asimulie kitabu chote kwa kinywa chake mwenyewe. Waandishi wengi waliojiheshimu wakati ule hawakuthubutu kufanya hivyo. Kwao lugha ya watu wa chini iliingia kitabuni ndani ya alama za kunukuu peke yake, kama mgeni anayekaribishwa barazani bila kuvushwa mlango. Twain alimwingiza mgeni ndani na kumkabidhi nyumba.

Naye aliiona lawama yako ikija. Ukifungua mwanzoni kabisa, kabla ya sura ya kwanza, utakuta maelezo mafupi ambayo wengi huyaruka. Humo anazitaja lahaja alizozitumia, ile ya Weusi wa Missouri, ile ya watu wa maporini kusini-magharibi, ile ya kawaida ya Pike County pamoja na aina zake nne, kisha anasema ameeleza hivyo ili wasomaji wasije wakadhani kuwa wahusika wote hao wanajaribu kuzungumza namna moja na wanashindwa. Ni utani, ila nyuma yake ipo kazi ya miaka mingi: alianza kukiandika kitabu hicho mwaka 1876, akakwama, akakiweka kando, akakirudia, hata kikatoka Uingereza mwishoni mwa 1884 na Marekani mwanzoni mwa 1885.

Sisi wa Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Lugha tunayofundishwa shuleni ilisanifiwa kuanzia mwaka 1930 kwa kuifanya Kiunguja cha mjini kuwa msingi, na mgeni anayekijua Kiswahili hicho peke yake, ukimpa hadithi inayosimuliwa na mzee wa Makunduchi kwa Kikae chake, atakirudisha kitabu dukani akidai kuwa mchapaji ameharibu. Dawa ni moja kwa wote wawili, nayo ni kusoma kwa sauti. Jim anaposema neno lililoandikwa gwyne, jicho linakwama. Ukilitamka, sikio linakuambia kuwa ni going tu, limepita katika kinywa cha mtu ambaye hakuna aliyemruhusu kulijua kwa herufi. Jifungie chumbani ikiwa unaona haya.

Nakala yangu niliinunua zamani kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, Dar es Salaam. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameandika kwa penseli, juu ya kila neno gumu, maana yake kwa Kiswahili, kwa mwandiko mdogo na safi. Juu ya reckon kuna “nadhani”. Juu ya sivilize, ambalo Huck ameliendeleza kwa namna yake, kuna alama ya kuuliza iliyokandamizwa hadi karatasi imetoboka. Anaendelea hivyo kwa kurasa kadhaa, kisha penseli inakoma, na kurasa zote zilizobaki ni safi hadi mwisho. Kila nikikishika kitabu hicho namwonea huruma mtu yule, kwa sababu aliishia hatua chache tu kabla ya mto wanaousafiria Huck na Jim.

Na mto ndio wenyewe. Jina la kuzaliwa la mwandishi huyu ni Samuel Clemens, na kabla ya kuwa mwandishi alikuwa rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo, wa merikebu za moshi katika Mississippi. Leseni aliipata mwaka 1859. Baharia alipotupa bildi majini na kukuta kina cha futi 12 aliita mark twain, yaani pima mbili, na rubani akajua kuwa merikebu itapita bila kugusa mchanga. Mtu aliyewahi kuendesha chombo gizani kwa kutegemea sauti ya mwenzake hawezi kuandika kwa ajili ya jicho tu.

Vumilia hadi sura ya 31. Huck amelelewa katika mji ambamo kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, na wizi ni dhambi. Anaingiwa na hofu ya Mungu, anamwandikia barua mwenye mali kumweleza Jim alipo, na mara anajiona ametakasika. Kisha anakaa na ile karatasi, anaanza kukumbuka safari: jinsi Jim alivyokuwa akimaliza zamu yake ya usiku na kuunganisha na zamu ya kijana, asimwamshe, ili aendelee kulala. Anaishika karatasi mkononi, anatetemeka, anazuia pumzi, halafu anajiambia kwamba basi vema, atakwenda motoni, na kuichana. Hajagundua kwamba ametenda wema. Anaamini kabisa kuwa amechagua jehanamu. Sijui mahali pengine ambapo mwandishi amemwamini msomaji wake kiasi hicho, maana hakuna hata sentensi moja ya kutuongoza.

Nikuonye jambo moja. Tusi walilokuwa wakiitwa Weusi limo zaidi ya mara 200, nalo linauma, na mabishano ya iwapo kitabu kisomeshwe shuleni hayajaisha huko kwao. Mabishano ya kwanza yalikuwa ya sababu nyingine: mwaka 1885 kamati ya maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, ilikiondoa kwa kukiona kichafu na cha kihuni, na Twain akamwandikia mchapishaji wake kwa furaha kwamba jambo hilo hakika litawauzia nakala 25,000.

SWALI: Bwana mwandishi, assalamu alaykum. Mimi ni mtunzi wa mashairi hapa Lamu, wa vina na mizani, na sifichi kwamba haya yaitwayo mashairi huru hunichosha. Umewasifu Wamarekani. Je, wanaye hata mshairi mmoja anayehesabu?

JIBU: Waalaykumu salaam. Wanaye, tena alikuwa jirani yako kwa miaka ingawa hakujua. Mwaka 1858, Mwana Kupona alipokuwa akimtungia binti yake utendi wake, mwanamke mmoja wa Amherst, Massachusetts, aitwaye Emily Dickinson alikuwa anaanza kunakili mashairi yake kwa wino kwenye karatasi zilizokunjwa, na kuzishona kwa uzi kuwa vijitabu. Vijitabu hivyo hakumwonyesha karibu mtu yeyote. Alipofariki mwaka 1886 mdogo wake Lavinia alivikuta vijitabu 40, na karatasi nyingine tele zisizoshonwa. Mashairi yote ni karibu 1,800, na yaliyochapishwa akiwa hai ni kama kumi tu.

Mizani anazohesabu ni za nyimbo za kanisani alizokua akizisikia: mshororo wa mizani nane, wa mizani sita, wa nane, wa sita. Wewe uliyezoea nane za utendi utaisikia hatua yake mara moja. Kiingereza hutaka pia mkazo uangukie mahali pake, na kina chao hakihesabiwi kwa silabi ya mwisho kama chetu, bali kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Lakini hayo hayatakuzuia kugonga meza kwa kidole na kuona kuwa hesabu inatimia.

Sasa nakuomba subira, kwa sababu kwenye vina utataka kumtoa barazani. Chukua shairi lake la mtu anayesimulia kufa kwake mwenyewe. Chumba kimetulia, jamaa wamekwisha kulia, wanamngoja Mfalme aingie, na badala ya Mfalme anaingia nzi wa bluu, anayeyumba na kuvuma kati ya macho ya mgonjwa na mwanga. Ubeti wa kwanza unajaribu kulinganisha Room na Storm, ambayo yanashirikiana herufi m na si zaidi. Wa pili una firm na Room. Wa tatu una be na Fly, ambayo kwa jicho la mtunzi wa Lamu ni kosa la wazi. Kisha, katika ubeti wa mwisho, mahali ambapo madirisha yanafifia na mfu hawezi tena kuona, vina vinakutana sawasawa: me na see. Amekuzuilia kina kwa beti tatu, na anakupa pale pale anapofunga macho. Mtu asiyejua kuhesabu hawezi kufanya hivyo.

Waliomchapisha mara ya kwanza hawakulielewa jambo hilo, wakamsahihisha. Katika kitabu cha 1896 shairi hilo halina Room katika ubeti wa kwanza. Limewekwa form, ili lioane na storm kama inavyotakiwa darasani. Vile vistari vyake virefu, ambavyo ndivyo pumzi ya shairi, vimegeuzwa kuwa mikato na nukta. Ilibidi wasomaji wangoje hadi 1955, Thomas H. Johnson alipotoa mashairi yote karibu na alivyoyaandika mwenyewe. Kwa hiyo ukiyakuta mahali, tazama kwanza vistari: visipokuwapo, jua umepewa chakula kilichotafunwa.

Na kuhusu mashairi huru, ambayo kwa upande wetu yalizua ugomvi mkubwa Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, Wamarekani walitangulia kugombana. Walt Whitman alijichapishia Leaves of Grass mjini Brooklyn mwaka 1855, mashairi 12, bila jina lake kwenye ukurasa wa kichwa, ila picha yake amevaa kofia na shati wazi shingoni. Mistari yake ni mirefu kiasi cha kupita ukingo wa karatasi. Sitakulazimisha umpende. Mimi mwenyewe humsoma kwa vipande, kama mtu anayekula tende.

SWALI: Habari za kazi, Mwandishi. Mimi ni kiongozi wa wageni hapa Moshi. Kila mwezi hakosi mgeni wa kuniuliza alipofia chui wa Hemingway. Je, chui huyo ni wa kweli, na hadithi yenyewe ni nzuri?

JIBU: Chui ni wa kweli. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alimkuta ameganda karibu na ukingo wa kasoko juu ya Kilimanjaro, na Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alimweka kwenye maneno machache ya utangulizi wa The Snows of Kilimanjaro, hadithi iliyotoka mwaka 1936. Humo anasema tu kwamba hakuna aliyeeleza chui alikuwa akitafuta nini juu kule, na baada ya hapo chui haonekani tena.

Wageni wako watashangaa ukiwaambia kwamba hadithi yenyewe haihusu kupanda mlima. Inamhusu mwandishi aitwaye Harry, amelala kambini nyikani, mguu unaoza kwa sababu ya mchubuko wa mwiba ambao hakuupaka iodini, gari limeharibika, na ndege haijafika. Kinachomtesa kuliko mguu ni mambo aliyoyaona maishani akayatunza ili ayaandike siku atakapokuwa ameiva, na sasa anayapitia kichwani moja moja huku akijua kuwa hayataandikwa. Hemingway anayamimina kwa kasi katika vifungu vilivyopigwa chapa ya italiki, kiasi kwamba mtu mwingine angepata humo riwaya nne au tano.

Ni nzuri, naam, lakini isome kwa jicho la mwenyeji. Harry anaita “Molo!”, naye Molo anaitikia “Yes Bwana”, anaagizwa wiski na soda, anaitikia tena, na hayo ndiyo yote tunayopewa kumhusu mtu aliyekuwa karibu na kitanda cha mgonjwa kuliko wote isipokuwa mkewe. Molo alifikiri nini usiku ule? Alijua kuwa bwana wake anakufa, na bila shaka alikuwa na maoni. Twain, miaka 50 kabla yake, alimpa Jim kinywa, hata kama hakumpa kila alichostahili. Ajabu ni kwamba Hemingway aliliona hilo kwa mwenzake: safari ile ile ya Tanganyika ya 1933 na 1934 ilimzalia pia Green Hills of Africa, na humo ndimo alimosema kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani imetoka katika kitabu kimoja cha Mark Twain kiitwacho Huckleberry Finn, huku akimshauri msomaji aachie pale Jim anapoibwa, kwa sababu yanayofuata ni udanganyifu. Kuhusu ushauri huo nakubaliana naye. Sura za mwisho nilizisoma mara moja, na sijazirudia.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, nauza vifaa vya simu katika kibanda hapa Mwanza, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Nataka kuandika hadithi. Sina kompyuta wala hela ya kozi. Nimeanza kunakili kwenye daftari kurasa ninazozipenda za vitabu vya watu, ili nijifunze. Rafiki yangu ananicheka, anasema huo ni wizi na utaniua sauti yangu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nitakujibu kwa habari za mtu ambaye alianza na kidogo kuliko wewe.

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland, yapata mwaka 1818. Tarehe hakuijua hadi anakufa. Akiwa mtoto alipelekwa Baltimore, na mke wa bwana wake mpya, ambaye hakuwa amewahi kumiliki mtumwa, akaanza kumfundisha herufi. Mume alipojua alikataza palepale, akasema mbele ya mtoto kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Douglass anasema hayo ndiyo mafundisho bora aliyoyapata nyumbani mle, maana alijua tangu siku hiyo njia ya kutokea iko wapi. Kusoma alikununua kwa mkate: alipotumwa nje alibeba kitabu na kipande cha mkate, akawapa watoto wa Kizungu wenye njaa wa mtaani, nao wakamlipa kwa maneno.

Kuandika ndiko kunakokuhusu wewe. Katika karakana ya kuunda meli aliwaona maseremala wakichonga mbao na kuandika juu ya kila ubao herufi ya mahali utakapokaa: L kwa upande wa kushoto, S kwa upande wa kulia, F kwa omo, A kwa tezi, na ubao wa kushoto mbele ukapata mbili, L na F. Akazinakili hadi akazijua hizo nne. Kisha alikuwa akikutana na mtoto yeyote ajuaye kuandika, anamwambia kwamba na yeye anajua, mtoto anabisha, Douglass anaziandika zile nne na kumwambia amshinde kama anaweza. Mtoto anaandika nyingine kwa majivuno, na mwanafunzi anaondoka na mali. Daftari lake wakati huo lilikuwa ua wa mbao, ukuta wa matofali na sakafu ya barabara. Kalamu yake ilikuwa bonge la chaki.

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi. Mtoto wa bwana wake, Thomas, alikuwa amemaliza madaftari yake ya mwandiko shuleni, na yakawekwa nyumbani. Mama alipokwenda mkutanoni Jumatatu mchana na kumwachia Douglass nyumba, yeye aliyafungua na kuandika katika nafasi zilizoachwa wazi, akifuatisha kile Thomas alichoandika, hadi mkono wake ukafanana na wa Thomas. Alitoroka mwaka 1838, na mwaka 1845 akachapisha habari za maisha yake, na juu ya jalada la ndani yakawekwa maneno ya kuthibitisha kuwa ameziandika yeye mwenyewe, kwa sababu wako walioapa kuwa mtumwa hawezi kuandika hivyo. Hakuna mtu anayekisoma kitabu kile akasema sauti ni ya Thomas.

Kwa hiyo nakili. Rafiki yako ana haki katika jambo moja tu, kwamba ukurasa ulionakiliwa usitoke nje ukiwa na jina lako. Ila nakili polepole, sentensi nzima kichwani kwanza, kisha iandike bila kutazama, halafu linganisha. Pale ulipokosea ndipo penye somo: ama mwandishi aliona jambo usiloliona, ama mkono wako ulikuwa unataka kusema lako. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka, na makosa yangu yamenifaa kuliko nilivyonakili sawasawa.

Kuhusu saa, Toni Morrison, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993, aliandika riwaya yake ya kwanza akiwa na kazi ya kuajiriwa na watoto wawili wa kulea peke yake, na kwa muda mrefu aliamka kuandika kabla ya mapambazuko. Dickinson aliandika juu ya bahasha zilizofunguliwa. Kibandani kwako hakukosi maboksi ya chaja, na upande wa ndani wa boksi la chaja ni mweupe.

Vitabu vya Twain na Douglass havina tena hakimiliki, na vinapakuliwa bure kwenye simu. Anza na sura ya 6 na ya 7 za Douglass, ambamo mna habari za mkate, mbao na chaki. Ni fupi, ukifungua kibanda saa moja, utazimaliza kabla wateja hawajaanza kuja.